Kamba ya pazia chumbani kwa mtoto: iondoe leo

Hongera kwa kuhamia, dada. Umeuliza uweke pazia gani chumbani kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu, dirisha likiwa linatazama njia, na fundi anakwambia ubakize yale ya plastiki ya kuvuta kwa kamba.

Usiyabakize. Kile kitanzi kinachoning'inia ndicho hatari yenyewe. Mtoto akiteleza nacho kikiwa shingoni, uzito wake mwenyewe unakikaza, na hawezi hata kulia ukamsikia. Kama hela ya kubadilisha bado, leo hii kunja kamba yote uifunge juu, sentimita 150 au zaidi kutoka sakafuni. Kisha sogeza kitanda mbali na dirisha, maana akisimama juu yake kamba anaifikia, na nondo anazikwea.

Ukipata hela, weka bomba mbili: neti nyeupe upande wa kioo, kitambaa kizito upande wa chumba. Mchana neti inaleta mwanga na anayepita haoni ndani. Usiku ukiwasha taa mambo yanageuka, anakuona hadi unavyombadilisha mtoto nepi, kwa hiyo vuta kitambaa kabla ya kuwasha. Wengine hubandika stika ya ukungu nusu ya chini ya kioo. Nayo ni nzuri, mwanga unaingia.

Pazia liishie chini kidogo ya dirisha, lisiburuze. Na bomba lishikwe na skrubu ndefu zilizozama ukutani barabara, kwa sababu atalivuta tu, dada.