Kabla Hujawaeleza Watoto Sayansi, Waache Wakisie

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa binti wa kidato cha tano anayesoma PCB (fizikia, kemia na biolojia) mkoani Tanga. Yeye na wenzake wanataka kuwafundisha sayansi watoto wa shule ya msingi iliyo jirani na bweni lao, ila hawana maabara, hawana hela, na hawajui waanzie wapi. "Dada, wewe ulianzaje?" Nimeona nimjibu hapa, maana najua mko wengi wenye hamu hiyohiyo.

Mdogo wangu, mimi nilianza nikiwa miongoni mwa wale watoto. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa, na kwetu Rujewa, wilayani Mbarali, ndipo watu walipokuja kulitazama. Nilikuwa darasa la tano. Wageni walifurika, miwani ya kutazamia ikawa ya kugombaniwa, sisi wadogo tukasukumwa nyuma. Kaka mmoja wa sekondari, jirani yetu, akatuita chini ya mwembe. Akatuonyesha vijiduara vya mwanga vilivyotapakaa ardhini, akatuuliza: "Mwezi ukikaa katikati ya jua, hivi vitakuwaje?" Kila mmoja akasema lake. Mimi nilisema vitazimika vyote.

Ilipokaribia adhuhuri vijiduara vikaanza kumeguka vikafanana na mwezi mwandamo, halafu vikawa pete. Chini ya mwembe mzima pakajaa pete za mwanga! Hapo ndipo kaka yule alipotueleza kwamba kila upenyo mdogo kati ya majani huangusha picha ya jua ardhini, na kwamba siku ile mwezi ulikuwa mbali kidogo na dunia, kwa hiyo haukuweza kulifunika jua lote. Nilikuwa nimekosea kabisa, na nilifurahi kuliko siku zote nilizowahi kupata vema. Tangu siku ile nilijua nitasoma sayansi.

Nilipofika chuoni Dar es Salaam niliwakusanya wenzangu wachache, tukaanza kwenda kwa watoto kila Jumamosi. Habari za kuandika barua na kusubiri mihuri siwachoshi nazo. Ila shule ya kwanza tuliyoiendea, mwalimu mmoja alitusimamisha mbele ya wanafunzi akasema tumekuja kuwapotezea watoto muda, mtihani hauulizi michezo. Chuoni nako baadhi ya wenzetu walituambia hayo hayaongezi GPA, yaani wastani wa alama za chuo. Maneno yale yananiuma mpaka leo, na ninayaandika ili nawe ukiambiwa usidhani umekosea njia.

Sasa anza na hili. Chukua manjano ya unga, koroga na spiriti kidogo ya duka la dawa, mbali na moto. Chovya vipande vya karatasi nyeupe, vianike vikauke. Mezani weka ndimu, maji ya chumvi, maji ya sabuni ya kufulia na maji yaliyochujwa kwenye majivu. Kabla ya kudondosha tone lolote, kila mtoto aseme rangi itakuwaje, na kwa nini anadhani hivyo. Usiruke hatua hii hata kama muda umebana. Ndimu na chumvi haviibadilishi rangi. Sabuni na majivu vinaigeuza kuwa nyekundu iliyokolea, na ukidondoshea ndimu juu ya wekundu ule, njano inarudi. Darasa zima litapiga kelele, na wewe bado hujaeleza chochote kuhusu asidi na besi.

Tulipolifanya jaribio hili shuleni, Jumamosi iliyofuata binti wa darasa la nne alinikimbilia langoni. Kaka yake alimwagikiwa mchuzi wenye manjano kwenye shati la shule, mama alipolipaka sabuni doa likawa jekundu, akailaumu sabuni. Binti akaenda jikoni akachukua ndimu, akaieleza nyumba nzima. Sijawahi kupata alama chuoni iliyonifurahisha kama habari ile.

Na mtoto akikisia jambo la ajabu, mwandikie ubaoni kama ulivyowaandikia wengine. Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto, mwaka 1963, alipoweka kwenye friji mchanganyiko wa aiskrimu ukiwa bado wa moto, ukaganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Alipouliza sababu, alichekwa. Akiwa sekondari ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza tena Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyekuja kutoka Dar es Salaam, na wanafunzi wenzake wakamcheka. Osborne alirudi chuoni na swali lile, likajaribiwa, na mwaka 1969 wakachapisha makala wakiwa wawili. Wanasayansi wanalibishania hadi leo. Jiulize ni maswali mangapi ya watoto wetu yaliishia kwenye kicheko cha kwanza.

Wanafunzi wenzangu, tuache kwenda kwa watoto kuonyesha tulivyosoma. Weka simu mfukoni, picha za kurusha mtandaoni zisubiri. Ongea Kiswahili cha nyumbani, hata kama wewe ulikariri kwa Kiingereza. Ukishindwa kulieleza jambo hivyo, rudi kwenye daftari lako kwanza. Swali usiloliweza liandike, ukalitafute, urudi nalo. Mwone mwalimu mkuu mapema na barua mkononi, na usipange kuanza Septemba au Oktoba, watoto wanapokuwa kwenye mitihani ya taifa.

Jumamosi hii sisi tunatengeneza boksi lenye tundu la sindano upande mmoja, na upande wa pili karatasi nyembamba iliyopakwa mafuta ya kupikia. Jifunike kanga kichwani, elekeza tundu kwenye mti ulio juani, na mti utaonekana kwenye karatasi ukiwa kichwa chini, miguu juu. Mkilijaribu na watoto, waache kwanza wachore wanachodhani watakiona.