Shamba ni lake, lakini mgeni ni wa kibarua: jibu kwa ndugu aliyefukuzwa getini

Ndugu uliyeanzisha uzi, nimesoma maelezo yako mara mbili. Unasema wewe na wenzako watatu wa kanisani hapo Philadelphia mlivuka daraja Jumapili, mkaingia New Jersey kusini na mablanketi na masweta ya kuwagawia wafanyakazi wa msimu wanaolala shambani. Mwenye shamba akatoka, akawaambia ardhi hii ni yangu, ondokeni kabla sijaita polisi. Mkageuza gari. Sasa unauliza kama alikuwa na haki. Wachangiaji wengi hapo juu wamekujibu kwamba mali ya mtu ni mali ya mtu na mjadala ufungwe. Nawaomba tusiufunge, kwa sababu kwa New Jersey jibu hilo si sahihi, na lina zaidi ya miaka 50 tangu likataliwe na mahakama.

Nimekaa miaka tisa kwenye kazi ya kuwafuata watu hawa. Nilikuwa mhudumu wa afya ya jamii wa kliniki moja huku kusini. Jioni mimi na nesi tulipanda gari kwenda kwenye makambi: Juni na Julai kwenye bluberi za upande wa Hammonton, baadaye pichi, nyanya na pilipili hoho Kaunti ya Cumberland, mpaka baridi ilipowarudisha watu makwao. Nimefungiwa mageti, nimefokewa mbele ya watoto wa watu, mara mbili nimeitiwa polisi. Kwa hiyo ninayoandika hapa nimeyashika kwa mikono.

Nianze na hukumu yenyewe, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ngao yetu. Inaitwa Jimbo dhidi ya Shack, na Mahakama ya Juu ya New Jersey iliitoa tarehe 11 Mei 1971. Watu wawili walikwenda kwenye shamba moja Deerfield, Kaunti ya Cumberland. Frank Tejeras alikuwa mhudumu wa shirika la kusaidia maskini, na alimfuata kibarua mmoja aliyekuwa na jeraha lenye nyuzi 28 zinazotakiwa kutolewa. Peter Shack alikuwa wakili wa msaada wa kisheria, na alikuwa na mteja wake kambini hapo hapo. Mwenye shamba akawakuta njiani wakikaribia kambi. Hakuwafukuza moja kwa moja. Alisema atamtafuta yule majeruhi, na yule mwenye shida ya kisheria atamtafuta pia, ila mazungumzo yafanyike ofisini kwake na yeye akiwepo. Wakakataa, wakasema wana haki ya kuwaona watu wale kwenye makazi yao, kwa faragha. Askari wa polisi wa jimbo alipoitwa alikataa kuwaondoa mpaka mwenye shamba aandike malalamiko rasmi. Akaandika, wakashtakiwa kwa kuingia kwenye ardhi ya mtu baada ya kukatazwa, wakatiwa hatiani, na walipokata rufaa kwenye mahakama ya kaunti wakatiwa hatiani tena.

Walipofika Mahakama ya Juu hakuna hata mtu mmoja aliyesimama kutetea hukumu zile mbili. Mwenye shamba hakujibu rufaa, na mwendesha mashtaka wa kaunti alitetea sheria kwa ujumla wake tu bila kusema kama inawahusu watu hawa. Jaji Mkuu Joseph Weintraub ndiye aliyeandika uamuzi. Sentensi yake ya kwanza ninayoikumbuka naifasiri hivi: haki za mali zipo ili kutumikia utu wa watu, zimetambuliwa kwa ajili hiyo, na kwa ajili hiyo hiyo zina mpaka. Nyingine inasema hati ya ardhi haiwezi kumpa mtu mamlaka juu ya hatima ya watu aliowaruhusu mwenyewe waingie humo.

Angalia jambo ambalo mahakama haikufanya. Haikuhangaika kuamua kama kibarua ni mpangaji au ni mtu wa namna gani kisheria. Iliona hakuna faida kumlazimisha aingie kwenye kisanduku cha zamani. Ilitazama hali yake: yuko mbali na kwao, ametengwa, hana chama, hana kura, na huduma ambazo serikali imezitenga kwa ajili yake hazimfikii kama geti limefungwa. Ikasema mwenye shamba ana haki ya kulima bila kuvurugiwa kazi. Anaweza kumuuliza mgeni jina lake na shughuli yake, kama mfanyakazi hakumwarifu kwamba ana mgeni. Wachuuzi anaweza kuwazuia, ili mradi hafanyi hivyo ili yeye mwenyewe awe muuzaji pekee, wala hawanyimi wafanyakazi vitu wanavyovihitaji. Lakini mfanyakazi ana haki ya kupokea pale anapoishi wageni aliowachagua yeye, maadamu hawaleti madhara kwa wengine. Hata waandishi wa habari hawakuachwa nje, kama mfanyakazi hakatai kuwaona.

Ndugu yangu, shika hapo kwenye "aliowachagua yeye". Haki hii ni ya kibarua. Wewe na mablanketi yako mnapita kwenye haki yake. Nadhani hapo ndipo mlipoteleza, na nitarudi.

Wapo watakaosema: si mwenye shamba alijitolea kuwaita watu ofisini, kuna ubaya gani? Mimi nilifikiri hivyo msimu wangu wa kwanza. Tulipata simu kwamba kijana mmoja amekanyaga chuma na mguu hauponi. Tulipofika mwenye shamba alitupokea kwa adabu kabisa, akatuwekea chupa za maji mezani, akaagiza kijana aitwe. Yeye akakaa pembeni anapitia makaratasi yake. Kijana akaingia na buti miguuni. Tukamuuliza, akasema kidonda kimepona, anafanya kazi vizuri, asante. Nesi akamwomba avue buti, akasema si lazima. Tukaandika "hana tatizo" tukaondoka.

Baada ya siku mbili binamu yake akatupigia. Safari hii tulikwenda saa tatu usiku, moja kwa moja bwenini, na binamu alitusubiri kwenye kamba za kuanikia nguo. Kijana alikuwa amelala kitanda cha juu. Alipoteremsha mguu, harufu ndiyo iliyotangulia. Kisigino kilikuwa kimevimba na wekundu umeshapanda juu ya kifundo. Alilazwa siku tano. Nilimuuliza baadaye kwa nini alitudanganya pale ofisini, akanitazama kama ninayeuliza kwa nini mvua inalowesha. Alikuja kwa viza ya H-2A, ile ya vibarua wa kigeni wa msimu wa mashambani. Viza hiyo imemfunga kwa mwajiri aliyemwombea. Sheria inamtaka mwajiri huyo ampe malazi bila malipo kama hawezi kurudi kwao kila siku. Na kazi ikiisha, ruhusa ya kukaa nchini nayo inaelekea ukingoni. Mwajiri, mwenye nyumba na mwenye ufunguo wa viza ni mtu mmoja. Mbele ya mtu huyo nani atavua buti?

Yule mwenye shamba hakuwa mtu mkatili, naomba nieleweke. Nadhani kwa moyo wake aliona anatusaidia. Lakini uwepo wake tu kwenye kile kiti ulitosha kumfunga kijana mdomo, na ulikaribia kumgharimu mguu. Tangu usiku ule sikukubali tena kumwona mgonjwa ofisini kwa mwajiri.

Haya mambo kwangu yana mizizi. Babu yangu alitoka Njombe miaka ya hamsini kwenda kuwa manamba, yaani kibarua wa mkataba, kwenye mkonge wa Tanga, na mimi nimezaliwa Muheza kwa sababu hiyo. Alitusimulia kipande, kadi ya kuhesabia siku 30 za kazi, kwamba siku usiyomaliza kazi uliyopangiwa haihesabiwi, na kwamba mgeni akija kambini lazima nyapara ajue ni nani na ataondoka lini. Bibi alipomfuata mara ya kwanza alilala kwa mama mmoja nje ya mashamba, siku tatu, akisubiri ruhusa ya kumwona mumewe. Bibi aliisimulia hadithi hiyo hadi uzeeni na kila mara alishusha sauti alipofika kwenye ile ruhusa. Leo Tanzania Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 60, inampa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kilichosajiliwa haki ya kuingia kwenye eneo la mwajiri kuonana na wanachama na kuandikisha wapya, kwa masharti ya muda na mahali yasiyovuruga kazi. Ndugu wa Kenya wana kifungu cha 56 cha Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 chenye nia hiyo hiyo. Marekani hakuna kitu cha namna hiyo kwa wafanyakazi wa mashambani nchi nzima, kwa sababu sheria kuu ya vyama vya wafanyakazi ya 1935 iliwaacha nje.

Hapo nije kwa mchangiaji aliyetaja kesi ya 2021 na kusema imefuta kila kitu. Kesi hiyo ni ya California, ya kitalu cha miche ya stroberi kiitwacho Cedar Point. California ilikuwa na kanuni tangu 1975 inayowaruhusu waandaaji wa vyama vya wafanyakazi kuingia mashambani kwa muda usiozidi saa tatu kwa siku, siku 120 kwa mwaka. Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji 6 dhidi ya 3, ikasema kanuni hiyo ni kutwaa sehemu ya mali ya mtu, na serikali haiwezi kufanya hivyo bila fidia. Ni pigo kubwa kwa vyama, sikatai, na lilinisikitisha. Lakini soma mazingira yake. Wafanyakazi wa Cedar Point hawakuwa wakilala shambani, walipangishiwa hoteli. Waliotaka kuingia walipewa ruhusa na serikali, wakaingia mahali pa kazi. Hukumu ya Shack inazungumzia nyumba ya mtu na mgeni wake, na inasema mamlaka ya kumkataza kibarua wageni hayakuwahi kuwemo kwenye hati ya shamba. Mimi naona huwezi kutwaliwa kitu ambacho hukuwahi kuwa nacho.

Ila uwe mwangalifu na mipaka ya majimbo. Hukumu ya New Jersey si pasipoti. Florida ina sheria yake inayosema mkaazi wa kambi ndiye anayeamua nani amtembelee pale anapoishi. Lakini mkishuka Delaware hali ni nyingine: mwaka 1975 mahakama ya rufaa ya shirikisho ya ukanda wetu huu iliwakatalia watu wa chama waliotaka kuingia kambi ya kampuni moja kule, kwa kuwa hawakuthibitisha kwamba hakukuwa na njia nyingine ya kuwafikia wafanyakazi. Kabla ya kuvuka mpaka, pigieni ofisi ya msaada wa kisheria ya jimbo husika. Simu ni bure na wanaijua kila barabara ya vumbi.

Sasa nirudi kwenu. Mlifika bila kumjua mtu yeyote ndani. Mwenye shamba alipouliza "mmemfuata nani?" mkasema "wafanyakazi". Hapo mlimpa nafasi. Mngesema "tumealikwa na fulani, bweni la pili", angekuwa anabishana na mkaazi wake. Kwa hiyo tafuteni mtu kwanza. Jumamosi jioni wafanyakazi wanaletwa mjini kununua chakula na kutuma pesa kwao. Simameni pale, salimieni, mpate jina na namba ya simu, waulize wenyewe wanahitaji nini. Inawezekana mablanketi wanayo na wanachokosa ni glovu. Siku ya kwenda, nendeni baada ya kazi, msikanyage shamba wala banda la kufungashia, gari liegeshwe mahali lisipozuia trekta. Mkiulizwa majina, tajeni majina na shughuli kwa ufupi. Mkiambiwa mwenye shamba lazima akae nanyi, kataeni kwa upole. Mimi niliweka nakala ya hukumu kwenye bahasha ya plastiki ndani ya gari. Mara ya pili nilipoitiwa polisi, askari aliisoma akiwa amesimama kwenye taa za gari lake, akapiga simu kwa mkubwa wake, kisha akamwambia mwenye shamba kwamba kama ana malalamiko ayaandike. Hakuandika. Lakini askari akikuamuru uondoke, ondoka, ukabishane siku nyingine ukiwa na wakili.

Jambo linalonikosesha raha mpaka leo ni linalotokea tukishaondoka. Kuna mama mmoja aliyekuwa akitupokea kila wiki, akitukalishia watu kwenye foleni ya kupimwa presha. Msimu uliofuata hakuitwa tena. Hakuna aliyemwambia sababu. Sheria ilitulinda sisi tuliopita getini, na yeye aliyetufungulia mlango alilipa. Tangu hapo nilimwuliza kila mtu kabla ya kuingia: tukionekana kwako, utapata taabu? Akisema ndiyo, tulikutana naye kwenye maegesho ya duka la kufulia nguo, ingawa haki ya kuingia tulikuwa nayo.

Kwa hiyo mkishakwenda, mpigie mwenyeji wenu katikati ya wiki. Muulize kama kuna mtu amemsema, amempunguzia saa au amemhamisha chumba. Kama lipo, andikeni tarehe na maneno yaliyosemwa, mpelekeeni mwanasheria siku hiyo hiyo, kwa ridhaa yake. Na mkishapata jina la mwenyeji, niandikie faragha. Ile barabara uliyoieleza naifahamu, nitakwambia saa ambayo basi la wafanyakazi hurudi na upande upi wa kuegesha.