Kabla mama hajatoa damu ya utafiti wa vinasaba

Ndugu uliyeandika kutoka Tukuyu, nimeelewa kuwa watafiti wanaomba damu ya mama yako na ya mwanao mwenye selimundu (ugonjwa wa damu wa kurithi) ili wachunguze vinasaba, nawe unahofia sampuli hizo zitaishia wapi. Hofu yako si ya bure: mwaka 1951 huko Baltimore, Marekani, seli za Henrietta Lacks, mgonjwa wa saratani, zilichukuliwa bila ridhaa yake, zikakuzwa maabara na kusambazwa duniani, huku familia yake ikikaa zaidi ya miaka 20 bila kujua.

Nilipoombwa kushiriki utafiti wa namna hiyo Mbeya mjini, nilirudi nyumbani na fomu ya ridhaa, nikaisoma siku mbili kabla ya kutia sahihi. Ulizeni kama wana kibali cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), damu itatunzwa wapi na kwa muda gani, kama itasafirishwa nje, na mama atajitoaje akibadili nia. Linalosahaulika ni kwamba vinasaba vya mmoja hueleza habari za ndugu zake pia, hata kufichua nasaba isiyotarajiwa. Mimi ningeitisha kikao cha familia kwanza. Mtoto asiache kliniki kwa kusubiri utafiti, na maana ya majibu mwulizeni daktari anayemtibu.