Muulize Fundi: Pleya ya kushoto inakwaruza, ya kulia iko safi

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni DJ niko Nkuhungu hapa Dodoma, napiga santuri za dansi za zamani kwenye harusi na sendofu. Nina pleya mbili za Technics SL-1200 za mtumba, miksa ya chaneli mbili, amplifaya na spika zangu. Sasa pleya ya kushoto imeanza kukwaruza, yaani santuri ikianza sauti iko freshi kabisa ila ikikaribia wimbo wa mwisho tarumbeta zinapasuka na kila "s" ya muimbaji inakuwa "sh". Ya kulia haina shida. Nimebadilisha spika, nimepunguza besi, nimeweka sarafu ya shilingi mia juu ya kichwa cha mkono wa pleya ili sindano itulie, wapi. Fundi wa mtaani anasema amplifaya imekufa ninunue nyingine, na nina kazi Kondoa hivi karibuni. Naomba msaada kabla sijatoa hela.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hela iache mfukoni kwanza, na hiyo sarafu itoe leo hii.

Amplifaya haina kosa na wewe mwenyewe umeshaithibitisha bila kujua, maana pleya zote mbili zinapita humohumo, ingekuwa imekufa na ya kulia ingekwaruza. Halafu amplifaya haijui santuri imefika wimbo wa ngapi. Tatizo linalokuja mwisho wa santuri tu, asilimia kubwa liko kwenye sindano au namna sindano ilivyokaa. Sababu ni hii: santuri kubwa inazunguka mara 33 na kitu kwa dakika toka mwanzo mpaka mwisho, lakini mzunguko wa nje ni mrefu na wa ndani ni mfupi, kwa hiyo nje mfereji, yaani ule mstari uliochimbwa kwenye santuri, unapita chini ya sindano kwa kama sentimita 50 kwa sekunde na ukifika karibu na lebo unapita kwa kama 20 tu. Muziki uleule umebanwa kwenye nafasi isiyofika nusu. Sindano nzima inajitahidi, ila iliyolika au iliyokaa upande hapo ndipo inaposhindwa, na vitu vya kwanza kuharibika ni hizo "s" na tarumbeta.

Lakini usiniamini mimi, pima. Zima amplifaya, nenda nyuma ya miksa, chomoa zile pini nyekundu na nyeupe za pleya ya kushoto uzichomeke kwenye chaneli ya kulia na za kulia zije kushoto, washa, piga santuri ileile. Mkwaruzo ukibaki chaneli ya kushoto wakati sasa inalishwa na pleya nzima, basi mgonjwa ni miksa. Mkwaruzo ukihama na pleya, miksa ni mzima. Hatua ya pili, rudisha waya zilivyokuwa, fungua ile ringi ya kwenye mkono uchomoe vichwa vyote viwili, uvibadilishane. Mkwaruzo ukienda na kichwa, tatizo ni sindano au katriji yake, kile kiboksi kidogo kinachobeba sindano. Ukibaki kwenye pleya ileile, tatizo ni mkono: uzito, au pini za ndani pale kichwa kinapoingia. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, ukibadilisha viwili pamoja ikapona hutajua kipi kilikuwa na shida na siku ikirudi unaanza upya. Na tumia santuri unayoijua kuwa nzima, kwa sababu hizi za kina Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz zimezunguka nyumba nyingi tangu miaka ya 70 na nyingine zilichimbwa na sindano mbovu za wakati huo, mkwaruzo umeshaingia kwenye mfereji wenyewe na hakuna sindano mpya itakayoutoa.

Mimi nahisi ni kichwa. Sasa kichwani anza na vumbi, maana wewe uko Dodoma, na kiangazi upepo ukianza kuvuma huku unajua mwenyewe, kila kitu kinakuwa chekundu, na ukavu huu unaifanya santuri ivute vumbi kwa umeme wake yenyewe. Shusha sauti yote ya miksa, washa tochi ya simu, tumia kamera ukuze picha uangalie ncha ya sindano. Kuna kijana wa Chang'ombe aliniletea katriji akisema imekufa, nilipoikuza nikaona kifundo cha uchafu wa kijivu kimeizunguka ncha mpaka almasi yenyewe haionekani, sindano ilikuwa inaelea juu ya uchafu. Ilisafishwa kwa brashi laini ikapona palepale. Brashi inavutwa kutoka nyuma kuja mbele tu, kule santuri inakopitia, kamwe usipige kulia kushoto wala kurudisha nyuma, unakunja kile kijiti chembamba kinachoshika ncha. Na kidole usiguse kabisa, kina mafuta.

Ikiwa ni safi na bado inakwaruza, angalia ilivyokaa. Vile viskrubu viwili vya katriji vinalegea kwa kubebwa kwenye magari, katriji inazunguka kidogo na mwisho wa santuri ndiko inakojulikana. Kwa Technics yako chukua rula: kutoka kwenye raba ya nyuma ya kichwa mpaka ncha ya sindano iwe milimita 52, na katriji iangalie mbele sawasawa, isipinde. Kaza, ila siyo kwa nguvu. Hapohapo chomoa zile nyaya nne ndogo za rangi, nyeupe na bluu ni za sauti ya upande wa kushoto, nyekundu na kijani ni za sauti ya upande wa kulia, rudisha kila moja mahali pake kwa kibano, na pini za nyuma ya kichwa zisugue na raba ya penseli.

Halafu uzito. Sindano nyingi za u-DJ zinataka gramu 3 mpaka 5, namba yako imeandikwa kwenye karatasi iliyokuja nayo, ifuate hiyo. Hiyo shilingi mia inaongeza gramu kadhaa juu ya zile ambazo sindano ilipangiwa, kijiti kinalala, mpira unaokishikilia unachoka, na santuri zako ambazo huwezi kuzipata tena dukani zinachimbwa. Wengine wanafanya kinyume, wanaweka uzito mdogo wakidhani wanatunza santuri, na hiyo ni mbaya vilevile kwa sababu sindano inarukaruka ndani ya mfereji na kugonga kuta zake. Fanya hivi: weka ile nobu ya kuzuia mkono kuvutwa ndani (anti-skating) kwenye sifuri, zungusha uzito wa nyuma mpaka mkono uelee wenyewe bila kupanda wala kushuka, shika uzito usitembee, zungusha ile ringi ya namba pekee isome sifuri, kisha zungusha vyote pamoja mpaka gramu zako. Ndiyo kazi yote.

Ikishindikana hapo, sindano imelika, inaishi masaa mia kadhaa tu halafu basi. Nunua sindano yenyewe, siyo katriji nzima, na iendane na namba ya katriji. Ukiambiwa ni Shure "mpya kutoka kiwandani" kuwa makini sana, Shure waliacha kutengeneza katriji na sindano mwaka 2018, nyingi zinazouzwa sasa ni za kuiga na zingine zinakwaruza toka siku ya kwanza.

Ukienda Kondoa usisafiri na kichwa kikiwa kwenye mkono. Toa kichwa, toa uzito wa nyuma, toa sahani, funga mkono, na ukifika pima uzito upya kabla watu hawajaanza kuingia ukumbini.

SWALI: Fundi mambo, niko Kongwa. Nimenunua pleya mpya, nyuma ina kiswichi. Nikiunganisha na miksa sauti inapasuka vibaya, besi imejaa mpaka maneno hayasikiki, hata nikishusha voliumu inapasuka hivyohivyo kwa chini. Nirudishe dukani?

JIBU: Poa. Usirudishe. Hicho kiswichi kimeandikwa fono na laini, chako kiko laini na waya umechomeka kwenye tundu la fono la miksa. Sindano inatoa umeme mdogo sana, kama milivolti 5, ndiyo maana tundu la fono linaukuza karibu mara 100 na pia linaongeza besi na kupunguza trebo, kwa sababu viwanda vinakata santuri besi ikiwa imepunguzwa, utaratibu waliokubaliana tangu miaka ya 50. Pleya yako ikiwa laini imeshafanya kazi hiyo yote ndani, miksa inairudia mara ya pili. Chagua moja, kiswichi fono na tundu fono, au laini kwa laini. Ukikosea kinyume chake utasikia sauti nyembamba ya mbali isiyo na besi, hiyo haiharibu kitu. Ila hii ya sasa usiendelee nayo, inaunguza spika za juu.

SWALI: Habari fundi, mimi ni dada wa Area C. Pleya ya marehemu baba inaunguruma mfululizo hata santuri ikiwa imesimama, nikishika chuma cha mkono mngurumo unabadilika.

JIBU: Salama dada, na pole kwa baba. Tafuta waya mwembamba unaotoka pleya peke yake, mwishoni una kichwa cha uma. Huo ni wa ethi. Ufunge kwenye skrubu ya nyuma ya amplifaya iliyoandikwa GND. Amplifaya ikiwa haina, legeza skrubu yoyote ya bodi yake ya chuma, iwe imezimwa na imechomolewa ukutani, ufunge hapo. Ukiukuta waya umekatika ndani, peleka kwa fundi aulehemu, ni kazi ya dakika chache. Mngurumo ukiisha wakati santuri imesimama lakini ukarudi ukipandisha sauti santuri ikizunguka, hapo pleya imekaa meza moja na sabufa, zitenganishe.