Fonti ya Pikseli Haitaki Saizi ya Kubahatisha

Wiki nzima niliilaumu skrini. Nilikuwa natengeneza gemu ndogo, nikachagua Press Start 2P, ile fonti yenye sura ya gemu za Namco, kampuni ya Japani, za miaka ya 1980, nikaiweka saizi 20 kwa sababu ilienea vizuri kwenye kitufe. Herufi zikatoka na ukungu. Miguu ya "m" haikulingana, mmoja mnene, mwingine mwembamba. Nikabadilisha rangi, nikaongeza kivuli, wapi!

Kosa lilikuwa ile 20. Kila herufi ya fonti hii imechorwa ndani ya mraba wa vidoti 8 kwa 8. Ukiiweka saizi 16, kila kidoti kinapata pikseli (nukta ndogo kabisa za skrini) 2 kwa upana na 2 kwa urefu. Saizi 24, pikseli 3. Lakini saizi 20 inadai pikseli 2 na nusu, na nusu pikseli haipo, basi kompyuta hupaka rangi ya kati kuziba pengo. Ukungu ndio huo. Shikilia vigawe vya 8: 8, 16, 24, 32. Fonti nyingine za pikseli zina miraba ya vipimo vingine, kwa hiyo soma kwanza maelezo ya aliyeichora.

Angalia na mahali unapoyaweka maandishi. Ukiyapanga katikati ya kitufe, hesabu ikitoa pikseli 40.5, ifanye 40. Na skrini iliyokuzwa kwa asilimia 125 huigeuza 16 yako kuwa 20, ukungu ukarudi.

Kinachonisumbua zaidi ni Kiswahili chenyewe. Herufi zote za fonti hii zina upana mmoja, hata "i", na maneno yetu ni marefu. Skrini ya Game Boy, kile kifaa cha gemu cha mkononi, ilikuwa na upana wa pikseli 160, yaani kwa saizi 8 ni herufi 20 tu kwa mstari; "wanaokushambulia" peke yake linakula 16. Andika maneno kwanza, visanduku vya kuyawekea vichorwe baadaye. Mimi fonti hii naiachia jina la gemu, alama na vitufe. Mazungumzo ya wahusika nayapa fonti ya pikseli ambayo "i" yake ni nyembamba kuliko "m".

Halafu kuna ritifaa, ile alama ya ('). Nayo hupewa vidoti 8 vizima, hivyo "ng'oa" husomeka kama maneno mawili. Leseni ya fonti hii, SIL Open Font License, inaruhusu kuirekebisha, kwa hiyo niliichora upya ritifaa kwa upana wa vidoti 3, nikalipa toleo langu jina jingine, chini ya leseni ileile.