Mwanangu, kuhusu moyo wa baba yako

Walukuba, Jinja

Mwanangu mpendwa,

Sisi hatujambo, baba yako anakusalimu sana. Uliniuliza kwenye simu kama ugonjwa wake wa moyo unarithiwa na kama nawe utaupata. Nimeona heri nikuandikie, usome ukiwa umetulia.

Ndiyo, wa kwake unarithiwa. Ini hutengeneza protini iitwayo transthairetini, yenye vipande vinne vilivyoshikana. Kwa baba yako jeni ya protini hiyo ina hitilafu inayoitwa V122I, basi vipande vinaachana, vinajikunja vibaya na kurundikana kwenye msuli wa moyo. Hiyo ndiyo amiloidi. Kuta za moyo zinanenepa na kukakamaa, moyo haulegei vizuri kupokea damu. Ndiyo maana anahema akipanda ngazi, na jioni kiatu hakimwingii.

Unakumbuka alivyokuwa akiamka usiku akikung'uta mikono, vidole vimekufa ganzi, asubuhi kikombe cha chai kinamponyoka? Kila mtu alisema ni kazi ya gereji. Kumbe ganzi ya mikono yote miwili, mshipa wa fahamu ukibanwa kwenye kifundo cha mkono, inaweza kuutangulia ugonjwa huu kwa miaka mingi. Ukiiona kwako au kwa dada yako, msinyamaze.

Kila mmoja wenu, wa kiume au wa kike, ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi jeni hiyo yenye hitilafu. Lakini kuwa nayo si kuugua. Wapo wanaozeeka nayo salama, na wanaougua kwa kawaida huanza baada ya miaka 60. Shangazi yako anasema ni mambo ya ukoo. Ya ukoo ni kweli, ila hakuna aliyemroga mtu, na naomba watoto wasilishwe maneno hayo.

Dawa ipo: tafamidis, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa moyo wa namna hii. Huvishikilia vile vipande vinne visiachane, lakini haiondoi kilichokwisha kurundikana. Bei yake inatisha. Kwa hiyo kugundua mapema ni jambo kubwa, hasa kwa kuwa wengi hutibiwa presha tu kwa miaka.

Kupima jeni ni hiari yako. Zungumza kwanza na mkeo. Ila nenda Taasisi ya Moyo pale Mulago, Kampala, ukamweleze daktari habari za baba yako. Nakala za majibu yake yote nimeziweka humu pamoja na barua.

Mama yako