Ngozi ya Uyoga Ipitishe Masika Kwanza

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Wete aliniandikia: "Shikamoo dada. Nimeiona mikoba yako ya ngozi ya uyoga, nami nataka kuanza. Nahitaji mtaji kiasi gani?" Nilianza kumjibu kwa mistari miwili, kisha nikaifuta, kwa sababu swali hilo la mtaji ndilo nililoanza nalo mimi, na ndilo lililonipotezea miaka miwili.

Nimelelewa kwenye kibanda cha mjomba wangu, fundi wa makubadhi hapa Ng'ambo, na harufu ya ngozi ya ng'ombe niliijua kabla sijaanza chuoni. Mwaka 2021 nilisoma kwamba Hermès, kampuni ya mitindo ya Ufaransa, imeonyesha mkoba wake wa Victoria uliotumia nyenzo ya kuvu iliyooteshwa na kampuni ya MycoWorks ya Marekani, na usiku ule usingizi haukunijia. Uyoga tunaoula ni tunda tu. Mwili wake hasa ni nyuzi nyeupe zinazotambaa ndani ya chakula chake, ambazo wataalamu huziita miselia, na kuta za nyuzi hizo zina kitini, kitu kilekile kilichomo kwenye gamba la kaa na kamba. Nyuzi zikisukana huwa utando, na utando huo ukitibiwa vizuri hushonwa kama ngozi. Nilijiuliza ni kipi tunachokikosa sisi wenye makumbi na vumbi la mbao la kutupa.

Niliagiza mbegu za uyoga aina ya mamama kutoka Dar es Salaam. Nikachanganya vumbi la mbao na pumba za mpunga, nikaufukiza mchanganyiko huo kwa mvuke ndani ya pipa kwa saa nne, nikausambaza kwenye masinia na kutandika kitambaa cha marikani juu yake ili nyuzi zipate pa kushikamana. Mara ya kwanza niliongeza machicha ya nazi, nikidhani chakula kingi kitaleta utando mnene, na baada ya siku tano masinia yote yalikuwa ya kijani kwa ukungu. Niliyaacha machicha. Miezi ya kujaribu na kutupa iliyofuata sina haja ya kuieleza. Siku niliyobandua utando wa kwanza mzima, mweupe, mzito kama blanketi lililoloa, niliupeleka kwa mjomba mbio. Aliukunja, akaunusa, akasema, "Hii bado haijawa ngozi, mwanangu." Sikumsikiliza.

Duka moja la watalii liliniagiza jozi 24 za makubadhi. Ili mikanda iwe laini upesi, niliiloweka kwenye glisirini nyingi, kimiminika kizito cha kulainishia, nikaikausha kwa siku mbili tu, nikaipeleka mwezi wa Februari ikiwa inang'aa. Glisirini huvuta unyevu wa hewani, na masika yalipoingia mikanda ililegea, ikawa na utelezi kama samaki wa jana, na kwenye matundu ya sindano ukaota ukungu. Mwenye duka alizirudisha zote ndani ya gunia na kulimwaga gunia lile kibarazani kwangu mbele ya wateja wengine, akisema nimemuuzia uyoga uliooza. Maneno yale bado yananiuma, ingawa najua kwamba kosa lilikuwa langu: nilimwambia ni ngozi, nikanyamaza kuhusu yaliyobaki.

Kwa hiyo, mdogo wangu, mtaji wako wa kwanza ni subira ya kukausha. Kuotesha ni wiki mbili au tatu; kazi yenyewe huanza utando ukishavuliwa. Mimi sasa huuloweka kwenye maji ya magome ya mkandaa, aina ya mkoko, yale yanayobanduliwa kwenye boriti zilizokwisha kukatwa kwa kibali, kwa maana sitakata mkoko hai kwa ajili ya mkoba. Glisirini naipima kwa kijiko. Kisha naugandamiza utando kati ya mbao mbili, naukausha kivulini polepole, na mwisho naupaka nta ya nyuki. Wakati wa kuotesha, sinia lifunikwe vizuri, kwani hewa safi na mwanga vikizidi, kuvu huacha kusuka utando na kuanza kutoa uyoga. Tena nasema, kausha. Wala usishone soli wala mkanda wa kubeba uzito. Anza na pochi na vifuniko vya madaftari.

Vijana wengi wanaona picha ya mkoba wa Paris na kudhani njia imekwisha kusafishwa. Bolt Threads, kampuni ya Marekani iliyotengeneza nyenzo ya miselia iitwayo Mylo na kushirikiana na mbunifu wa mavazi Stella McCartney na adidas, ilisitisha uzalishaji wake mwaka 2023 kwa kukosa fedha za kuendelea, ingawa ilikuwa na maabara na wanasayansi wake. Sisi wenye pipa na masinia tuna wajibu mkubwa zaidi wa kumwambia mnunuzi ukweli: hii ni nyenzo ya kuvu, imebebwa na kitambaa, haipendi kuloa. Mteja aliyeambiwa hivyo hurudi. Mwezi uliopita nimeuza pochi sita kwa maneno hayohayo, na wanunuzi wawili wameshaagiza nyingine.

Usinunue mbegu bado. Nakutumia kipande cha ukubwa wa kiganja kwa boti ya Pemba. Kitundike jikoni kwenu kuanzia Machi hadi mwisho wa Mei, kikunje kila Ijumaa, halafu mwezi wa Juni uniandikie kinanukaje na kimepasuka wapi.